Kahawa Niliyomkaribisha Nayo Mkaguzi

Jamani, moyo bado unanienda mbio. Mimi ni mwalimu wa sayansi, darasa la kumi na mbili, hapa Bukoba. Mwaka huu niliruhusu kila mwanafunzi achague mada moja ya kuchimba zaidi, na jana Mkaguzi wa shule wa serikali ya Mwingereza alikuja kuamua kama mpango huo uendelee.

Kwetu mgeni hukaribishwa kahawa kavu ya kutafuna. Nikanyakua kikapu kimoja kati ya viwili vilivyofunikwa kwenye meza ya maabara, nikaonja kwanza kama mwenyeji, nikampa. Mzungu yule mzoefu akatafuna, akachukua nyingine.

“Laini kweli! Ya nyumbani?”

“Ameichemsha mama yangu kwa majani yenye harufu, Bwana, kule Kimwani, kisha akaikausha,” nikajibu kwa maringo.

Akaomba kuona mada inayopendwa zaidi.

“Wadudu wa kahawa!” nikasema, nikamwita Rwegasira, mmoja wa wanafunzi walioichagua.

Rwegasira akaenda mezani, akafunua kikapu kilichobaki. Harufu ya majani anayochemshia mama kahawa ikajaa chumba.

“Mwalimu,” akasema taratibu, akitazama kikapu mkononi mwangu, “wadudu wangu wamo humo, ndani ya punje.”

Taya la Mkaguzi likasimama. Langu pia, maana kwa woga wa ukaguzi nilikuwa natafuna muda wote huo.