Gunia Lililokuwa na Joto

Mkuu wa zamu katika ghala la chakula la mkoa alikuwa na desturi moja iliyompa jina. Kila asubuhi, kabla ya dirisha la kugawia kufunguliwa, alipandisha mkono wa blauzi, akafungua gunia la mahindi na kuzamisha mkono mpaka kiwikoni. Mahindi makavu huwa baridi ndani. Yakiota kuvu hupata joto, na sumu ya kuvu hiyo haitoki hata uyachemshe kutwa nzima. Inashambulia ini.

"Mama Kiwiko, mgonjwa wako ana homa leo?" dereva wa lori alimtania Jumanne ile.

Siku nyingine angejibiwa papo hapo. Leo Mama Kiwiko hakugeuka. Mkono ulikuwa bado ndani ya gunia.

"Safu hii ya ukutani," alisema polepole, "jana mlitoa magunia mangapi?"

"Moja tu, mama," alijibu mpakiaji. "Tulilifunga kilo mbili mbili, likaenda dirishani."

Mama Kiwiko alilala kifudifudi, akamulika nyuma ya safu. Ukuta ulikuwa umelowa, bomba lilivuja. Jana, kwa vile foleni ilikuwa imefika barabarani, alikuwa amepima magunia ya mbele tu.

Gunia moja, vifurushi ishirini na tano. Kwa nani? Hakuna aliyejua, na hilo lilikuwa agizo lake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, wakubwa walipotaka kila mpokeaji apigwe picha na kuandikwa jina, alisimama kikaoni akasema njaa si jinai hata mtu afunguliwe jalada. Sisi wafanyakazi wa ghala tulimpigia makofi. Mpaka leo nasema alikuwa na haki: nchi inayoacha chakula kioze mashambani haina uso wa kumdai mwenye njaa kitambulisho. Basi wapokeaji walipewa kibao cha namba, wakakirudisha, wakaenda zao.

Meneja alifunga mlango wa ofisi.

"Ishirini na tano tu, mama. Tukitangaza, wafadhili watatukimbia. Na watu wataogopa hata kilicho kizima."

"Na wakila?"

Meneja alitazama simu yake.

"Bosi, nakuuliza. Wakila?"

Hakungoja jibu. Alichukua kipaza sauti cha kuitia foleni, akatuambia tujaze mkokoteni vifurushi vya mchele, tukaingia mitaa ya nyuma ya ghala.

"Waliochukua mahindi jana, msiyapike! Leteni, tunabadilisha!"

Wa kwanza kutoka alikuwa bibi mmoja, amekumbatia kifurushi kama anayebeba mjukuu.

"Jana mmenipa, leo mnaninyang'anya? Mna akili nyie?"

"Nakubadilishia, shangazi. Haya yana sumu."

"Mchele huo? Basi kila siku mniletee sumu."

Tulicheka, ila Mama Kiwiko hakucheka. Alikuwa anahesabu. Kufikia adhuhuri tulikuwa na vifurushi kumi na saba. Alasiri, ishirini na viwili. Vingine vilirudi vimefunguliwa, na kwa kila kilichopungua alimwuliza mwenyewe amekula lini, wamekula wangapi, kisha akawaelekeza zahanati. Baada ya hapo mitaa ikanyamaza. Mapazia yalisogezwa kidogo, yakarudi.

"Labda wamehama," nilisema.

"Tangu jana?"

Alizima kipaza sauti, akaanza kugonga mlango mmoja mmoja. Nyumba ya mwisho ilikuwa na geti lililopakwa rangi na ua uliofagiwa. Mwanamke aliyefungua alivaa sare safi ya kazini, ingawa kiwanda kilichoandikwa kifuani kilikuwa kimefungwa tangu mwaka jana. Majirani wawili walikuwa wamesimama barabarani wakitutazama.

"Dada, samahani," Mama Kiwiko alinong'ona. "Jana hukupita dirishani kwetu?"

"Mimi?" Yule mwanamke alipandisha sauti hadi majirani wasikie. "Humu hatuli chakula cha msaada."

Harufu ya mahindi yanayochemka ilitoka nyuma yake, nzito.

"Sitakuandika popote. Nipe sufuria tu, nikupe mchele."

"Umekosea nyumba, mama."

Mlango ulifungwa taratibu, bila hasira. Mama Kiwiko aliweka mchele kizingitini, akagonga. Akagonga tena, sasa kwa ngumi. Ndani, vifuniko viligongana, kisha sauti ya mwanamume ikaita kwa furaha:

"Njooni mezani, yameiva!"