Ndoo Mbili Zinazofanana

Kila Jumamosi jirani yangu hapa Igogo huhamishia furu wake, samaki wadogo wa ziwani, kwenye ndoo ili abadilishe maji ya tangi la kioo aliloachiwa na marehemu mkewe. Huvuta maji kwa mdomo kupitia mpira, hutema, kisha mpira humponyoka. Maji hupita hadi chini ya mlango wangu. "Samahani, mama Amondi, yamefika tena kwako?" husema akideki kwa sabuni, akikamulia tambara kwenye ndoo ya pili. Jana nilimkuta amepiga magoti. Tambara alikuwa amelikamulia kwenye ndoo ya samaki. Povu lilijaa, na furu wote walielea matumbo juu. Aliendelea kudeki mahali palipokwisha kukauka. "Mama Amondi," aliniuliza bila kuinua kichwa, "yamefika tena kwako?"