Editha na Wenyewe Wawili

Kwetu Matombo mtoto haulizwi ni wa nani. Ni wa mama yake. Lukolo, yaani ukoo, unafuata tumbo la mwanamke, na anayesimama mbele ya watu kwa ajili ya mtoto ni mjomba wake, si baba. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea Editha, mjukuu wa marehemu mdogo wangu, tangu mama yake Josephine alipotutoka. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, shule ya misheni, kwa walimu waliokuwa wakichapa. Mwandiko wangu hadi leo padri anausifu. Kwa hiyo haya naandika kwa mkono wangu.

Editha alikuwa mtoto wa maneno machache. Siku moja nilimpeleka zahanati na homa, wakamtoboa kidole. Watoto wengine walilia. Yeye aliuliza, "Damu yangu inapelekwa wapi?" Mganga akacheka, akamwonyesha dirisha la chumba cha vipimo. Toka siku ile akitumwa dukani anapitia pale dirishani, anashika nondo, anachungulia. Chumvi inachelewa, ninafoka, wala hajali. Alipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja mazuri, hakuwa na mawili: alitaka chuo, akasomee maabara.

Nikampigia mjomba wake, Eustace, kaka wa Josephine, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kingolwira. Akaja siku ya pili yake. Nikamchinjia jogoo, na firigisi nikamwekea yeye, maana firigisi haiendi kwa mtu mwingine mjomba akiwepo. Akaitafuna taratibu, akajipangusa.

"Mama mkubwa," akasema, "mjomba ni nani? Mjomba ni mama mwenye ndevu. Huyu mtoto hatachaguliwa chuo na matangazo ya redio. Tutakwenda kuviona vyuo kwa macho, kama mtu anavyokwenda kuona ng'ombe kabla hajanunua."

Nilimpenda siku ile. Nasema kweli.

Tulikwenda na kirikuu lake, kile kigari kidogo cha mizigo, mimi na yeye mbele, Editha nyuma kati ya ndoo za rangi, ameshikilia sketi isichafuke. Chuo cha kwanza kilikuwa na geti zuri kuliko nyumba yenyewe. Tukaonyeshwa ukumbi, tukaonyeshwa bendera, tukaonyeshwa picha ya mkurugenzi. Editha akauliza maabara.

"Maabara ipo," kijana mwenyeji akasema, "ila mwenye ufunguo amesafiri."

"Amesafiri kwenda kutafuta vifaa?" Eustace akauliza, tukacheka hadi garini.

Chuo cha pili kiko chini ya mlima, upande ambao asubuhi jua linachelewa. Walikuwa wameita wazazi na vijana waje waone. Binti mmoja mwanafunzi, Jesca, amevaa fulana ya chuo, akatutembeza: mabweni haya, maktaba hii, bomba hili lina maji siku zote, lile usilitegemee. Kwenye mgahawa wa chuo tukanywa chai ya Mwanvita, mama ambaye baadaye nilimzoea. Halafu tukaingia maabara. Meza ndefu nyeupe, na juu yake hadubini zimepangwa kama kuku waliolala. Jesca akawasha taa ya moja, akamwambia Editha aangalie.

Editha akainama. Akafumba jicho moja. Akatulia hivyo mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

"Mdogo wangu, waachie na wenzio," Jesca akamwambia.

"Bibi, njoo uone! Wadudu wa malaria hao, wale kama pete!"

Nikainama na mimi. Niliona kope zangu tu, lakini nikasema nimewaona. Sijawahi kumsikia Editha akipaza sauti vile, kabla wala baada.

Tulipotoka, nje alikuwa amesimama baba yake, Thobias, mtu wa Kagera, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na mkewe mwingine yuko Ngerengere. Amevaa tai nyekundu. Miaka yote ya sare na madaftari hatukuiona tai hiyo.

"Nilimpigia mimi, bibi," Editha akaninong'oneza. "Nilitaka naye aone."

Tukafika kwenye meza ya mapokezi. Mama aliyekaa pale akauliza, kistaarabu kabisa, "Mlezi wa binti ni nani?"

"Mimi," akasema Eustace.

"Mimi," akasema Thobias.

Wakatazamana. Watu waliokuwa nyuma yetu wakasogea, si kwa ajili ya meza.

"Shemeji, karibu," Eustace akasema. "Umekuja kutusindikiza?"

"Nimekuja kwa mwanangu. Jina la mwisho analoandika ni la nani? La kwako?"

"Jina ni shati, shemeji. Mtu anavaa, anavua. Damu ni yetu."

"Kwetu mtoto ni wa baba. Ninyi huku milimani mnalea watoto wa dada zenu, wenu anawalea nani?"

"Na ninyi mnazaa mnaondoka, mnarudi siku ya matokeo na tai!"

Watu wakaangua kicheko. Mama wa mapokezi akagonga meza kwa kalamu. "Wazazi, tusaidiane. Binti ana bahati huyu, ana wenyewe wawili. Wapo wanaokuja hapa hawana hata mmoja."

Mimi nilisimama upande wa Eustace, maana ndiyo haki yetu. Editha alikuwa anaangalia viatu vyake, alivyoazimwa na binti wa katekista.

Nafasi akapata. Chuo kikataka mlezi afike kabla ya kufungua, alipe sehemu ya ada na aweke sahihi yake. Nikampigia Eustace.

"Mama mkubwa," akasema, na nyuma nasikia mtu anapakua mabati, "si ulimsikia baba yake mbele ya watu? Mtoto ni wake. Nikitangulia kulipa nitakuwa nimemvunjia heshima mwanaume mwenzangu."

Nikampigia Thobias.

"Shikamoo mama. Mama, mlisema wenyewe, damu ni yenu, mimi ni shati. Sasa shati nalo linalipa ada?"

Nikarudi kwa Eustace. Nikamwambia, basi, niuze kile kipande cha migomba cha mtoni. Kwa haki ya tumbo kile ni cha Editha, ndiye binti pekee tuliyebaki naye. Lakini shamba la ukoo halitoki bila neno la mjomba.

"Haiwezekani," akasema, sauti imekuwa nzito kama ya mzee wa baraza. "Ardhi ya lukolo haiuzwi. Ndiyo urithi wa mtoto. Mimi kama mjomba wake lazima nimlindie."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni mjomba.

Nilimfuata hadi dukani Kingolwira. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji mbele ya wateja wake, akaniletea soda. Soda niliiacha pale pale haijafunguliwa. Chuo kikafunguliwa, na nafasi ya Editha ikachukuliwa na mwingine.

Mwanvita wa mgahawa, ambaye nilishaanza kumpelekea ndizi, ndiye aliyesema, "Mlete anisaidie chai, mama. Kwa muda tu, mpaka wajomba na mababa wapatane." Hawakupatana. Editha akavaa aproni, akawa anawapelekea chapati wale ambao angekaa nao dawati moja. Wengine wanamwita dada, wengine wanampigia mluzi.

Mwaka uliofuata wakaita tena watu kuja kukiona chuo. Nilikuwepo, nimeleta mikungu yangu. Nikamwona Eustace anaingia, amevaa suti, na pembeni yake mwanawe Shukuru. Kwa mila yetu Shukuru ni wa ukoo wa mama yake, na ana wajomba zake wazima wenye afya. Lakini kumbe baba mwenye suti anaweza kulipa ada ya mtoto wake bila kumvunjia heshima mwanaume yeyote.

"Shikamoo mjomba," Editha akasema, ameshika birika.

"Marahaba! Kumbe uko hapa? Afadhali, wewe ni mwenyeji. Mtembeze mdogo wako, mwonyeshe maabara."

Editha akaweka birika chini, akafuta mikono, akatangulia. Niliwafuata kwa nyuma. Alimwonyesha yote: mabweni haya, maktaba hii, bomba lile usilitegemee. Kwenye mlango wa maabara akasimama.

"Dada, huingii?"

"Nina chai jikoni."

Shukuru akaingia, akatoka upesi, simu mkononi.

"Umeona nini?" Editha akamuuliza.

"Sijaona kitu. Giza tu."

Editha akafungua mdomo amweleze namna ya kuangalia. Akaufunga. Akarudi jikoni.

Mwezi wa saba Eustace alikuja Matombo kwa mambo ya ukoo, na Editha alikuwa amepewa ruhusa, yuko nyumbani. Nikachinja jogoo, maana mgeni ni mgeni. Nikapakua. Eustace akageuzageuza vipande kwenye bakuli lake kwa kijiko.

"Mama mkubwa, siku hizi mnafuga kuku wasio na firigisi?"

"Anayo. Nimempa anayejisimamia mwenyewe."

Eustace akaweka kijiko chini. Akala ugali wake, wala hakuinua tena macho kututazama sisi wanawake.

Firigisi haimpeleki mtu chuoni, najua, sijawa mjinga bado. Editha aliitazama kwenye sahani yake, hakutaka kuigusa.

"Kula," nikamwambia.

Akala, kama mtu anayemeza kwinini.