Do ya Baba Mkwe

Bendi yetu ina watu watatu na haina waya hata mmoja. Mimi napiga gitaa la boksi, mwimbaji wetu ana la pili ambalo hulipiga akikumbuka, na wa tatu hukwaruza chupa ya soda kwa mpini wa kijiko. Watu wa Migwani wamezoea spika kubwa kama kabati, kwa hivyo kila tulipoalikwa harusini tuliulizwa vyombo vingine viko kwenye gari gani. Tulikuwa tumekuja kwa miguu. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nasema viko njiani, kisha tunaanza.

Ile chupa ilikuwa na kazi mbili. Kabla ya kucheza, mwenyewe aliijaza maji mpaka kwenye mstari aliouchora kwa rangi ya kucha ya dada yake, akaipuliza, ikatoa sauti moja nene, ndiyo do yetu ya kuanzia. Sisi wawili tulituni nyuzi zetu kwa sauti hiyo. Halafu yeye aliyanywa yale maji, akashika kijiko, kazi ikaanza. Najua simu za siku hizi zinaweza kutuni gitaa. Tulijaribu. Mwimbaji wetu alisema simu inampeleka mahali ambapo sauti yake haijawahi kuishi, na mimi sibishani na mtu ambaye ndiye watu wamekuja kumsikia.

Mwaka jana mpiga chupa wetu alipata mchumba kule Zombe. Baba ya msichana ni mkulima wa ndengu na kiongozi wa kwaya kanisani kwao, mtu asiyependa mambo ya kupindapinda. Alikuwa amesikia kwamba kijana anacheza muziki Emali, kwenye hoteli za nyama choma ambako bia haiko mbali. Akatuma ujumbe: kijana alete mbuzi wake wa ntheo, na alete pia hiyo bendi, apate kuisikia ikipiga wimbo mmoja. Akiona ni mambo ya baa, kijana atachagua kati ya muziki na msichana.

Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wasipofika kwa kina msichana, hata mkiishi pamoja mpaka mzeeke, bado hamjaoana. Rafiki yetu angeacha muziki siku hiyo hiyo, na nisingemlaumu. Lakini niliogopa. Ukimwondoa yeye, tunabaki watu wawili wenye magitaa, na watu wawili wenye magitaa hudhaniwa ni wahubiri wa stendi.

Tulifika Zombe na mbuzi watatu walionona, tukapokewa kwa chai na chapati. Kulingana na desturi, bwana harusi hukaa kimya kama mgeni wa kigeni. Mzee wa ukoo wake tuliyekwenda naye ndiye humsemea, na yeye hata akiona nyumba inaungua anapaswa kumnong'onezea mzee kwanza. Kwa hivyo chupa alikuwa amemkabidhi mwimbaji, naye angeikwaruza siku hiyo badala ya gitaa. Aliiweka chini, kando ya kiti chake, akaenda kunawa mikono.

Kina mama wa boma lile ni watu wa utaratibu. Soda zilipokwisha walikusanya chupa zote, wakazipanga kwenye kreti, na kreti ikapanda bodaboda kurudi dukani. Chupa yetu ilikwenda nazo. Tuligundua tulipoitwa katikati ya uwanja, wazee wamekwisha kaa, baba ya msichana mbele kabisa amekunja mikono.

Nilichukua chupa nyingine iliyosahaulika chini ya meza, nikatia maji kwa kukisia. Nikamtazama bwana harusi. Akapandisha nyusi. Nikadhani ananiambia nianze. Akazipandisha tena, mpaka zikakaribia nywele. Nikafikiri, huyu naye ana haraka gani leo, si apumue? Kumbe maskini alikuwa ananiambia niongeze maji. Nilipuliza, nikatuni, tukaanza wimbo wetu wa kupalilia ndengu, ambao nilidhani mkulima angeupenda.

Ulianzia chini sana. Mwimbaji wetu alishuka na ubeti wa kwanza, akaendelea kushuka, mpaka akawa anatoa sauti ya mtu anayesukuma gari lililokwama. Kina mama walijifunika midomo kwa leso, na mabega yao yakatikisika. Mzee wetu alitazama mbuzi. Bwana harusi aliinamisha kichwa, na nikajua anauaga muziki kimoyomoyo.

"Simameni hapo kwanza," akasema baba ya msichana. Siku hiyo tulizungumza Kikamba zaidi, lakini hayo aliyasema kwa Kiswahili, ili tujue hatanii. "Nani amewapa do?"

Nikamwonyesha chupa.

"Hii?"

"Ndiyo, baba. Lakini si hii. Ile yetu imeenda na kreti."

Aliitazama chupa, akanitazama mimi, na sijui kati yetu ni nani aliyemsikitisha zaidi. "Sasa nyinyi mnaimba kama watu wameanguka ndani ya kisima," akasema. "Wekeni hiyo chupa chini."

Alisimama, akafunga macho, akainua kidole. Kanisa lao halijawahi kuwa na kinanda. Kwaya nzima huanza kwa sauti inayotoka kifuani mwake. Akaitoa: "Dooo." Ilikuwa safi, ikatulia hewani bila kutikisika. Nilivuta nyuzi zangu hadi hapo. Ilikuwa juu kidogo kuliko chupa yetu, na nilijua mwimbaji atalalamika, lakini alipoanza niligeuka kumtazama. Miaka yote ile tulikuwa tumemfungia chini. Sauti yake ilifunguka, wale kina mama wakashusha leso, mmoja akaanza kupiga makofi, na baba ya msichana akawa anahesabu mapigo kwa kidole juu ya goti lake. Nilifurahi mpaka nikakosea nyuzi.

Tulipomaliza hakutupongeza. Alimgeukia mzee wetu. "Mbuzi nimepokea. Na huyo kijana wenu mwambie asiache, lakini hiyo do isiwe ya chupa, anipigie simu nimpe. Hiyo maneno ya kuimba mahali kuna pombe, bado sijakubali. Nitafikiria."

Basi ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Kabla ya kila shughuli mpiga chupa, ambaye sasa ana chupa mpya ya kukwaruza tu, humpigia baba mkwe wake simu, tunapewa do, tunatuni. Kwa harusi na mashule ilikuwa rahisi. Kisha hoteli ya Emali ikatuita tena, Jumamosi mchana, na kusema kweli Emali ndiko tunakopendwa zaidi. Tulikaa tukitazamana huku malori yakipita. Mwimbaji akasema tutuni kwa simu tu, mzee hatajua. Mpiga chupa akakataa. Akapiga.

"Leo mko wapi?"

"Emali, baba. Kwa hoteli ya nyama."

"Pombe iko?"

"Iko, baba."

Nilisikia kuku wa Zombe ndani ya ile simu. Nilianza kurudisha gitaa langu kwenye mfuko, polepole, kama mtu anayefunga mizigo ya msiba.

"Weka loudspeaker," akasema.

Do ikatoka, ile ile, katikati ya meza za bia. Mkata nyama alisimamisha kisu. Tulituni haraka kabla mzee hajabadili nia, tukaimba wimbo wa ndengu wote, watu wakapiga meza. Rafiki yangu alipoichukua simu ili aitie mfukoni, aliona bado haijakatwa.

"Mwimbaji amechelewa kuingia ubeti wa pili," ikasema. "Rudieni."

Tukarudia.