Dhoruba ya Picha Moja

Ukoo mzima wa Solenn Kervazo ulivuna chumvi Guérande, pwani ya Ufaransa, na mvuna chumvi huiogopa dhoruba kama mtoto anavyoogopa sindano. Solenn peke yake ndiye aliyeiombea ije. Miaka kumi na miwili alikaa maabara, mjini Nantes, akikagua picha za Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, akingoja dhoruba za kiangazi ambazo yeye mwenyewe aliandika kwamba zitafika kaskazini. Hazikufika. Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakuwahi kungoja mawingu ya Titan. Na sasa chombo cha angani kilichopiga picha hizo kilikuwa kimeishiwa mafuta. Ijumaa kingetumbukizwa ndani ya Zohali kiungue.

Jumanne, picha ikaonyesha doa jeupe palepale alipopataja. Sheria ya kazi yake aliijua: picha moja si shahidi. Chembe ya mionzi ikiigonga kamera huacha doa kama wingu, ndiyo maana husubiriwa picha ya pili. Aliijua, akajisahaulisha. Baba yake, mzee Donatien, alikuwa kitandani, mapafu yamekwisha. Akampigia simu.

"Baba, dhoruba yangu imekuja."

"Ona mambo haya! Mtoto wa mvuna chumvi anashangilia dhoruba." Mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Ngoja niwaambie wenzangu, wajue nimezaa msaliti."

Saa moja baadaye ikafika picha ya pili, na doa halikuwepo. Solenn aliikuza, akaing'arisha, akaigeuza, akaanza upya. Ewen, mwenzake wa meza ya pili, alikuja akasimama nyuma yake.

"Iache, dada. Hamna kitu hapo."

"Nipishe, Ewen."

"Na nyingine haiji. Hiyo ndiyo ya mwisho."

Alhamisi akaenda Guérande. Kando ya kitanda alikuta glasi nne: wavuna chumvi walikuwa wamekuja kunywa kwa kuipongeza dhoruba yake, watu ambao dhoruba haijawahi kuwapa ila hasara. Alitamani ardhi immeze.

"Baba, hakukuwa na dhoruba. Nimekosea. Na picha zimekwisha."

Mzee alitazama dirishani, kwenye vidimbwi vyake vya chumvi vilivyokauka vizuri juani bila mvua.

"Usilie, mwanangu. Dhoruba isipokuja ndipo tunapovuna."

"Ninyi, Baba. Mimi nimevuna nini?"

Mzee Donatien akausogeza mkono wake juu ya mkono wa binti yake.