Nilifungulia Ndiva Jumapili Ili Mdogo Wangu Atulie

"Fungulia kidogo tu, kaka, niyasikie maji," mdogo wangu akaniambia, na mimi nikainama nikashika kizibo. Ilikuwa Jumapili, watu wote wako kanisani, nyimbo zinatufikia kutoka ng'ambo ya bonde. Nikavuta. Maji yakaja kwa nguvu, yakaninyang'anya kizibo pamoja na udongo wote uliokandikwa, na tundu likabaki wazi.

Bwana mhariri, nashukuru kwa kunifichia jina, na hawa nitakaowataja nimewabadilisha majina. Mimi ni kijana wa milimani huku upande wa Mhezi, nina kama miaka ishirini na miwili. Madarasa nilisoma mawili tu, mnisamehe mwandiko. Si mtu wa maneno. Watu wakiongea, mimi huwa naangalia.

Ndiva, kwa msiotoka kwetu, ni bwawa la mawe na udongo walilojenga wazee. Maji ya mfereji yanajaa humo usiku, asubuhi mlinzi anatoa kizibo, yanakwenda shamba la mwenye zamu. Jumapili halifunguliwi. Maji yanalala mpaka Jumatatu, kwa hiyo mwenye zamu ya Jumatatu ndiye anapata mengi.

Mimi nakata mkonge huko chini tambarare, kwa mzungu mmoja. Nyapara anatutukana kutwa nzima, na jioni kichwa kinakuwa kama kimefungwa kamba. Wenzangu dawa yao ni dengelua, pombe ya miwa. "Kunywa wewe, utamwona nyapara mdogo kama sungura," wananiambia. Wanakunywa, wanacheka sana, asubuhi nyapara ni yule yule na wao ndio wamekuwa sungura. Mimi nikimaliza kipande changu, siku thelathini za kazi, napanda nyumbani, na asubuhi nakaa mferejini chini ya ndiva wakati linafunguliwa, miguu majini, nasikiliza. Kifua kinalegea. Hakuna aliyenifundisha.

Huyu mdogo wangu, Eliamini, ni mtoto wa baba mdogo. Yuko darasa la nane shule ya misheni, na mtihani uko karibu. Ukoo mzima umeshaanza kumwita mwalimu, hata mama zetu sokoni. Nilipopanda safari hii nilimkuta hali chakula, halali, anasoma ukurasa mmoja halafu anaurudia kama hajauona. Mchungaji alimwambia asali. Anasali, lakini akaniambia, "Kaka, nikishasema amina tu, mtihani unarudi." Nikampa mirungi niliyopewa na wenzangu wa mkonge. Akatafuna, akakaa macho, mikono ikatetemeka mpaka kalamu ikamwanguka, na kesho yake hakukumbuka alichosoma. Nikaona aibu. Ndipo nikasema nimpe dawa yangu mwenyewe. Asubuhi nyingine linapofunguliwa yeye yuko shule, ikabaki Jumapili.

Basi maji yalipotoka, yeye alikuwa mferejini, ameweka miguu. Nikamsikia anacheka. Mimi huku juu nahangaika na mawe na matope, kila ninachoweka kinasombwa. Kuliziba likiwa limejaa kunataka watu wawili, mmoja akandamize, mwingine akandike. Nikageuka nimwite. Alikuwa ameshatoka majini, amelala kwenye majani, mdomo wazi, kama mtoto mchanga. Sijui alikuwa hajalala siku ngapi.

Sikumwamsha. Nilikaa nikaangalia maji ya watu yanakwenda mpaka yakaisha. Kizibo nikakiacha pale kilipoangukia.

Alipoamka nikamwambia mlinzi ana habari, asijali. Akaniamini. Tangu siku ile anakula, analala, na anasoma kwa sauti huku anajijibu mwenyewe. Akitoka shule anajifungia na vitabu, habari za kijiji hazimfikii. Baba mdogo ananiambia, "Umemfanya nini huyu? Mungu akubariki."

Zamu ya Jumatatu ilikuwa ya Mama Namkunda. Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, na jua lenyewe mnalijua. Sasa majani yamejikunja kama sigara. Watu wamesema kizibo kilichomoka chenyewe kwa sababu Mzee Elieza, mlinzi wa ndiva, hakukikandika vizuri Jumamosi. Vijana wanamtania njiani, "Mzee, hata chungu cha uji usizibe wewe." Wazee wameamua atoe mbuzi, na ndiva apewe mtu mwingine. Alirithi kazi hiyo kwa baba yake.

Juzi alikuja nyumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akakaa, akaangalia mikono yake. "Mwanangu, Jumamosi jioni ulipita pale nikiwa naziba. Wewe huwa unaangalia vitu. Niliziba vizuri, au ndiyo uzee huu?"

Nikasema sikuangalia.

Jana nilikwenda mferejini, nikatia miguu. Hakuna kitu. Maji ni yale yale, lakini kifua hakikulegea hata kidogo. Nasikia swali lake tu.

Nikisema, Eliamini atajua usingizi wake ndio ulioua mahindi ya Mama Namkunda, na mtihani ni wiki ijayo. Naogopa arudi kutetemeka, na ukoo uniulize mimi. Nikinyamaza, mzee wa watu atakufa akidhani mikono yake ilimwangusha. Ninyi wasomaji mliosoma kunizidi, mngekuwa mimi mngemwendea nani kwanza? Nisaidieni, ingawa najua gazeti likifika duka la Mhindi pale Same, haya yatakuwa yamekwisha.

Lazima niache hapa, baragumu limelia. Leo ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Tunazoa tope la ndiva, na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kabla hatujaanza, Mzee Elieza atamkabidhi mlinzi mpya kizibo mbele ya watu wote. Ameniomba nisimame karibu naye, maana anasema katika kijiji hiki ni mimi peke yangu ambaye sijamsema vibaya.