Pembe ya Ng'ombe na Ukuta wa Bibi

Vilianza kulia vikombe. Mle vidakani, vile vishubaka vya ukutani katika nyumba yetu ya mawe pale Siyu, vikombe vya kaure vya Bibi viligongana vyenyewe, kri-kri-kri, na harufu ya chokaa kongwe ikatujaa puani. Kufumba na kufumbua, kimya. Ukuta wa ukumbini ulikuwa na ufa mpya wa kuingia kidole. Bibi akavuta uradi, kisha akasema kwa utulivu, "Ng'ombe amechoka. Ameihamisha nti, kaiweka pembe ya pili." Ndivyo alivyotufundisha siku zote, kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe.

Khadija, binti wa ami yangu aliyekuja likizo kutoka mjini Lamu, akadakia. Kimbelembele! Aliumega mkate wa mofa vipande viwili, akavisukumanisha kingo kwa kingo mpaka vikakwama, kisha vikaachia ghafla na makombo yakaruka. "Miamba ya chini ya ardhi hufanya hivi, Bibi. Na huenda ikatikisika tena. Usikae penye ule ufa." Bibi alicheka hadi machozi, akambusu kipaji cha uso. "Mashallah, kichwa hiki!" Mimi niliyemchotea maji na kumkanda miguu mwaka mzima sikuwahi kubusiwa hivyo. Kijicho kilinishika.

Bibi alipoanza kusogeza mkeka wake, nikamnong'oneza: "Khadija anakucheka. Anasema ng'ombe wako ni upuuzi wa wazee." Wallahi hakusema. Ulimi hauna mfupa. Bibi akaurudisha mkeka pale pale chini ya ufa, akaendelea kusuka ukili. Baada ya alasiri ardhi ilitetemeka tena, kidogo tu, lakini pande la chokaa likaporomoka na kumwangukia mkono wa kulia. Vidole vile havikusuka tena. Khadija alilia kuliko sisi sote, na Bibi hakumtazama.

Siku hizi nyumba ile tumeijenga upya kwa matofali ya simiti na nondo, na wanangu huona mitetemeko ya nchi za mbali kwenye simu. Khadija ni mwalimu wa jiografia Mombasa, anasifiwa kila mahali, na bado namwonea wivu, sifichi. Lakini Bibi alikuwa wangu peke yangu. Siku ya kufa kwake alinishika mkono akasema, "Wewe hukunicheka." Juzi Khadija alinipigia. "Dada, hivi Bibi alinikasirikia nini?" Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii, nikakata.